Maneno Mia Moja ya Shule ya Mlima Nebo

Merrow, Georgia
Jumatano, 9 Machi 2016

Dada yangu mpenzi Ozella,

Natumaini karatasi hii imekukuta umekaa karibu na joto, na kwamba magoti yamekubali kushuka ngazi wiki hii bila ugomvi. Redio imesema theluji imerudi huko Detroit. Huku miti ya pichi imeshachanua, nami nimeshaanza kupiga chafya kama kila mwaka. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu wa miaka sabini anayekula peke yake anavyoweza kuwa mzima. Daktari ameridhika na damu yangu, anasema ni vidonge vyake. Mimi nadhani ni kwa sababu hakuna tena wa kubishana nami mezani. Huu ni mwaka wa pili tangu Corinne atutoke, na bado nikipika mboga za majani napika za watu wawili, kisha nazila siku tatu mfululizo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapigiana, tunaelezana hali ya hewa na nani kazikwa, halafu mmoja wetu anasema mtu anabisha hodi. Kwangu habishi mtu, Dada Ozie, na nadhani kwako vilevile. Ninayotaka kusema leo hayasemeki kwa simu. Ningeikata mimi mwenyewe kabla sijafika katikati.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati ya vibao vya kumbukumbu ya mji, ambayo unajua mimi ni katibu wake tangu nilipostaafu ualimu, inasimamisha kibao mahali ilipokuwa Shule ya Mlima Nebo. Kitazinduliwa Jumamosi tarehe 14 Mei. Kamati imepiga kura, wote saba, kwamba wewe ndiye ualikwe kuvuta kitambaa. Wanataka yule mtoto aliyesahau jiko arudi akiwa mama wa miaka sabini na mitatu, asimame mbele ya watu, na mji umwambie kwamba umemsamehe. Mimi nimeagizwa nikuandikie mwaliko. Tafadhali usiujibu kabla hujafika mwisho wa barua hii, wala usiitupe katikati. Nitakwenda polepole, unaujua ugonjwa wangu wa kueleza.

Ulipoondoka Merrow vibao vilikuwa vitatu, vyote vya yule jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: kimoja pale alipolala usiku mmoja, kimoja pale farasi wake alipokunywa maji, na cha tatu pale alipoamua asipigane. Sasa vipo arobaini na kimoja, na kumi na tisa kati yake nimeviandika mimi. Ukishuka Mtaa wa Stesheni utakuta cha ghala la pamba, kinachotaja marobota yaliyopita hapo kila mwaka na hakitaji mgongo hata mmoja ulioyabeba. Hicho si changu. Ukivuka reli kipo cha Bi Parthenia, mkunga aliyetupokea wewe na mimi. Nilikipigania miaka sita, kwa kuwa hakuacha karatasi yoyote, aliacha watu tu. Kipo cha kinyozi, kipo cha kivuko cha mtoni, kipo cha mtaa wetu wa maduka ambao siku hizi ni maegesho ya magari ya benki.

Wageni hawajui kwamba vibao vingi havikusimama pale jambo lilipotokea. Vimesimama pale idara ya barabara iliporuhusu gari kusimama. Cha Bi Parthenia kiko hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake, na watu hupiga picha mbele ya ua wa mtu mwingine, wakaenda zao wameridhika.

Kibao kina nafasi ya maneno mia moja. Hayo ndiyo yanayoenea kwenye bamba la alumini ikiwa herufi zitasomeka na mtu aliyeketi ndani ya gari. Na kwa kila sentensi kamati hudai ushahidi: hati mbili zilizoandikwa wakati wa jambo lenyewe, au shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake na akaapa mbele ya karani wa mahakama. Hiyo ni kanuni ya tano. Niliitunga mimi, maana nilichoka kusikia kila ukoo ukidai kwamba babu yao ndiye aliyejenga daraja.

Kwa shule yetu hati zilikuwepo. Kulikuwa na gazeti la wilaya la wiki ile, mistari minne, na ripoti ya mkaguzi wa shule. Zote mbili zilisema jiko. Basi niliandika rasimu, na katikati yake nikaweka kwamba mwezi Februari 1956 shule iliteketea kwa moto ulioanzia kwenye jiko ambalo mwanafunzi wa zamu hakulitoa jivu. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri, na nikahesabu maneno mara mbili.

Mchungaji Dunham aliisoma kanisani, kama ilivyo desturi, ili mwenye neno aseme. Aliyekuwa na neno ni Bi Vashti Coley. Yuko hai bado, ana miaka tisini na minne, fimbo mbili na ulimi uleule. Alinifuata barazani baada ya ibada akaniambia kwamba jiko la Mlima Nebo halikuunguza hata karatasi. Mumewe Rufus ndiye aliyelichomoa kwenye vifusi ili akaliuze kama chuma chakavu, na droo ya jivu aliikuta tupu, imefungwa, safi kama sufuria ya siku ya wageni. Nilimuuliza kwa upole kama kuna hati. Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama tulipoiba pichi zake, akasema, “Lemuel Tarver, wewe hata mvua ikikunyeshea utataka risiti kutoka mbinguni.” Watu wakacheka. Nikamweleza kanuni ya tano, kwamba Rufus angekuwa hai tungemwomba aape. Akajibu kwamba basi nisubiri kidogo na yeye afe, maana akishapata cheti cha kifo atakuwa karatasi na nitamwamini.

Nilisema tunahitaji mtu aliyeuona moto ukianza, Bi Vashti, si aliyekuta majivu baadaye. Akaangalia viatu vyangu, viatu vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, “Basi mtafute huyo aliyeona, mwanangu. Merrow si kubwa.”

Nikaandika kwenye daftari la kamati kwamba dai limekataliwa kwa kukosa ushahidi. Nikatia sahihi.

Alhamisi iliyopita kamati ilikutana adhuhuri. Mwenyekiti ni Bi Marjorie Stallings, Mzungu, mtu mwenye moyo mzuri, huja na keki nzito ya siagi kila kikao na hukasirika usipochukua kipande cha pili. Alikuwa anasoma rasimu kwa sauti, na alipofika kwenye mwanafunzi wa zamu alivua miwani akauliza kama kuna anayejua mtoto huyo alikuwa nani na aliishia wapi. Nikasema ni dada yangu. Chumba kizima kikaacha kutafuna. Akauliza, kwa sauti ya huruma, kama umelibeba jambo hilo miaka yote hii sitini.

Ndipo nikawaambia habari ya maboksi. Sijui kwa nini niliwaambia. Nilisema kwamba kila Septemba, tangu mwaka nilioanza kufundisha hadi mwaka niliostaafu, lilifika shuleni kwangu boksi la vitabu kutoka Detroit, vimenunuliwa kwa mshahara wa mwanamke anayeshona viti vya magari kiwandani, na juu ya kila boksi kikaratasi chenye maneno matatu: Badala ya vile. Miaka thelathini na tisa. Bi Marjorie alilia waziwazi. Mchungaji Dunham, ambaye naye ni mjumbe, akasema msamaha wa namna hiyo ndio mji huu unaouhitaji, mtu akatoa hoja ualikwe, mwingine akaiunga mkono. Katibu akaulizwa kama ana pingamizi. Katibu akasema hana.

Niliendesha hadi nyumbani nikakaa ndani ya gari mbele ya ua wangu, mpaka jirani akaja kugonga kioo akidhani nimekufa. Nilimwambia nasikiliza redio. Akaiangalia ile redio, akaona imezimwa, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nitasema, Dada.

Jumamosi ile ya tarehe 11 Februari, alasiri, nilikwenda kwenye korongo nyuma ya shule kutazama mtego wangu wa sungura. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani makavu ya misonobari nikirekebisha mlango wa mtego niliposikia gari. Walishuka watu wawili. Mmoja simjui mpaka leo. Wa pili alikuwa Cleve Ansley, yule aliyekuwa akipima pamba yetu kwenye shamba la baba yake, shamba ambalo Baba alililima kwa nusu ya mazao. Alibeba debe la mafuta ya taa. Walivunja dirisha la nyuma, la upande wa ubao. Hawakuwa na haraka. Cleve alikuwa akipiga mluzi, na alipomaliza alifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyetoka kula. Moshi ulianza kutoka wakati gari lao limeshafika barabarani.

Nilikimbia hadi bandani. Baba alikuwa akishona lijamu la nyumbu. Nilimwambia yote. Hakuniuliza kama nina hakika. Aliniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Alinishika mabega. Akasema sikuona kitu. Akasema tangu chakula cha mchana nilikuwa naye pale bandani nikimshikia ngozi. Jina lake, akanikumbusha, lilikuwa la nne kwenye lile ombi la wazazi la kutaka shule moja kwa watoto weusi na weupe, na nikifungua mdomo Jumatatu tutalala barabarani, tena hapo tumebahatika. Alinifanya niyarudie maneno yake mara tatu, kama mtu anayejifunza aya.

Nilidhani jambo lingeishia hapo: shule imeungua, hakuna anayejua. Nilikuwa na miaka kumi. Sikujua kwamba watu hawawezi kukaa na moto usio na mwenyewe. Kufika Jumapili mashemasi walikuwa wameshapata jiko, jiko likapata zamu, na zamu ilikuwa yako. Hayo unayakumbuka kuliko mimi. Ulisimama mbele ya kanisa ukiwa umevaa gauni la kijivu la Mama lililopunguzwa, ukawaomba radhi wote, na ulipofika kwenye vitabu sauti ikakatika. Mimi nilikuwa benchi la pili. Mkono wa Baba ulikuwa juu ya goti langu, mzito kama jiwe la kusagia. Nilimtazama nikiamini atasimama. Aliinamisha kichwa. Nikawatazama wanaume wengine, nao walikuwa wameinamisha. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba nusu yao walishuku, na wengine walijua kabisa. Walihitaji jiko. Mtu akilishutumu jiko, hakuna gari litakalosimama mlangoni kwake. Na msichana wa miaka kumi na mitatu, walijiambia, atasahau.

Mimi nikapelekwa mjini kwa Shangazi Lottie ili nisome. Wewe ukatolewa shule, ukafua nguo za watu miaka miwili, kisha Mama akakufungia kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu ukapanda treni.

Baba alifariki mwaka 1981. Kwa hiyo ukitaka kuugawa ukimya huu, miaka ishirini na mitano ni yake. Thelathini na mitano ni yangu peke yangu. Cleve Ansley alikuwa ameshatangulia. Hakubaki mtu wa kunitisha.

Na mwaka 1984, ulipokuja kumzika Mama ukakaa siku moja tu, uliniuliza. Tulikuwa tunafuta vyombo. Ulisema, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, “Lem, hivi mimi nililitoa lile jivu? Naona kama nililitoa, nikalimwaga mtaroni, upepo ukanirudishia usoni. Lakini labda ilikuwa wiki nyingine.” Nami, mwalimu wa historia, nilikujibu kwamba ni zamani sana, Dada, kumbukumbu hudanganya. Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kufuta sahani. Septemba ya mwaka ule boksi lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kulishusha.

Kumbukumbu yako haikukudanganya. Ulilitoa jivu. Ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya moto. Ulirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe, nikakucheka nikakuita Bibi Kizee, ukanifukuza kuzunguka kisima. Uliikumbuka sawasawa, mpaka upepo.

Utauliza kwa nini. Nimeandika kurasa mbili za sababu na nimezichana. Kwanza niliwaogopa akina Ansley, baadaye nikamwogopa Baba, baadaye nikakuogopa wewe. Kisha nikawa mtu ambaye mji mzima humwendea unapotaka kujua kitu gani kilitokea kweli, na nikaipenda heshima hiyo. Corinne hakujua. Niliishi naye miaka arobaini na minne, nilimwambia kila kitu isipokuwa hicho, na alikuwa akiniuliza kwa nini kila Septemba nakuwa mkali na watoto. Watu huja kunipa pole kwa upweke wakidhani ulianza alipofariki. Nawashukuru, nawakaribisha chai.

Juzi Jumatatu nilikwenda mahakamani nikainua mkono, nikaapa haya yote niliyokuandikia. Karani ni binti niliyemfundisha darasa la saba. Aligonga muhuri bila kuniangalia. Jana asubuhi nilimpelekea Bi Marjorie ile hati. Aliisoma amesimama, na safari hii hakulia. Aliniuliza kwa nini sikusema Alhamisi, nikamwambia kwa sababu sikusema mwaka 1956. Akasema bado kuna akina Ansley wengi mjini na watapiga kelele. Nikamwambia kanuni ya tano inataka shahidi mmoja tu, naye ameapa. Akafikiri kidogo, akasema basi wapige. Wajumbe wengine aliwaita kwa simu hapo hapo, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nimeketi jikoni kwake kama mtoto aliyeitiwa mzazi.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Bi Vashti. Hakushangaa hata kidogo. Alinivutia kiti, akaniwekea mkate wa mahindi, akanitazama nikila. Kisha akasema amekuwa akinisubiri tangu nilipokuwa navaa kaptura, na kwamba laiti ningejua jinsi mtu anavyochoka kutokufa.

Kwa hiyo mwaliko nilioagizwa kukuandikia umefutwa, na msamaha wao umefutwa pamoja nao. Hakuna mtu Merrow mwenye cha kukusamehe. Sentensi ya jiko imetoka. Mahali pake pameandikwa kwamba shule ilichomwa kwa makusudi baada ya wazazi kutia sahihi ombi lao, na kwamba mwanafunzi aliyelaumiwa hakuwa na hatia. Ili ienee ilibidi nikate kitu. Nilikata orodha ya waliopasua mbao za kuijenga shule, na jina la Baba lilikuwa humo. Alizipasua kweli, msonobari kwa msonobari, na najua ulimpenda, na kwamba alikulilia ulipoondoka. Ukitaka arudi kwenye kibao niambie, nitatoa kitu kingine. Hilo sikuwa na haki ya kuliamua peke yangu.

Baada ya kukata nimehesabu mara nne. Yamebaki maneno kumi na moja. Kamati imeniomba niyajaze nikakataa, nikawaambia hayo ni yako. Unaweza kuandika jina lako. Unaweza kuandika majina ya vitabu vilivyoungua, au jina langu na nilichokifanya; nitayapeleka kiwandani kama yalivyo, na hakuna kanuni itakayokudai ushahidi. Unaweza pia kupaacha patupu. Wanamimina alumini kwenye kalibu tarehe 4 Aprili, na wamenipa mpaka siku ya mwisho ya Machi.

Msalimie Denise na wajukuu, hasa yule aliyeng'oka meno. Bi Vashti anakusalimu, anasema ukija hatataka uvute kitambaa chochote, uje tu ule. Watu wa kanisani bado hawajajua. Watasomewa Jumapili hii, nami nitakuwepo. Usiposema neno nitaelewa, Dada. Mimi ndiye wa mwisho kumlaumu mtu kwa kunyamaza.

Mdogo wako,
Lemuel